Mkono wa Nani Huu

Kwenye arobaini ya Mama Shaibu, mwezi uliopita, mama mmoja aliyekaa karibu nami jamvini aliniuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, marehemu alikuwa nani wako?" Ni swali la kawaida msibani, na kila mtu hulijibu kwa neno moja: shangazi, jirani, wifi. Mimi nilifungua mdomo nikaufunga. Kusema nilikuwa mpangaji wake kulikuwa kweli, lakini ni jibu dogo mno kwa mtu aliyebadilisha mabasi mawili kufika pale. Mwishowe nikasema, "Nilikaa kwake." Yule mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba inatosha, akarudi kwenye tasbihi yake. Mimi haikunitosha. Ndivyo nilivyo, mtu akiniuliza saa, nikishamjibu nabaki kujiuliza kama saa yangu ni sahihi. Somoe, aliyefundishwa kazi na marehemu, alinikuta nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya pilau, nikiwa bado natafuta jibu. Alicheka huku macho yakiwa mekundu, akasema, "Wewe andika ule mwaka wote halafu utapumzika. Ila usiongeze chumvi." Najitahidi nisiongeze.

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, shahada ya ualimu wa lugha ndani ya bahasha ya kaki, na nafasi ya kujitolea kufundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya wilaya ya Newala. Chumba nilikipata Mnyambe, kwa Mama Shaibu, mfinyanzi wa vyungu ambaye mwanawe mmoja alishahamia mbali na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakupenda nyumba isiyo na mtu wa kukohoa. Chumba kilikuwa changu kwa nusu tu. Chini ya kitanda, juu ya kabati na kando ya mlango kulikuwa na vyungu vibichi vinavyokauka, kwa kuwa upande ule wa nyumba haukupata upepo, na chungu kikikaushwa na upepo hupasuka. Siku ya kwanza alinipa masharti: nisifungue dirisha asubuhi, nisifagie kwa nguvu, na nikiota ndoto mbaya nisirushe miguu. Nililala mwaka mzima nimenyooka kama nimeambiwa nisipumue. Harufu ya udongo mbichi ilikaa kwenye nguo zangu, kwenye madaftari ya wanafunzi, hata kwenye bahasha ile ya kaki. Mpaka leo mvua ya kwanza ikinyesha popote nilipo, nasikia njaa, maana harufu ile na chakula cha pale vilikuja pamoja: ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, na wakati wa kiangazi ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo unaimenya kwa meno huku ukiendelea kuzungumza. Tulikula uani, kando ya kisima cha maji ya mvua, na aliyechelewa alikuta mazungumzo yamefika mbali na mboga imefika mwisho.

Mengi niliyoyajua ya nyumba ile niliyasikia ukutani. Asubuhi Mama Shaibu na Somoe, mwanafunzi wake, walianza kazi nje ya dirisha langu lisilofunguliwa, nami nikiwa navaa niliwasikia. "Mwalimu amelala?" "Hajalala, anafikiri." "Anafikiri nini asubuhi yote hii?" "Jana alifunga mlango akarudi kuuangalia mara tatu." "Anaogopa wezi?" "Haogopi wezi, anauogopa mlango." Halafu wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wenye mikono michafu wasioweza kujifuta machozi. Nilipotoka na kusema shikamoo, Mama Shaibu aliitikia marahaba kwa uso wa mtu mzima asiyejua kitu.

Somoe alikuwa na miaka ishirini na moja. Alianza kujifunza akiwa na kumi na sita, na mwaka mzima wa kwanza aliponda udongo tu. Mwaka wa pili aliruhusiwa kutengeneza vitako, mwaka wa tatu akapandisha kuta, na midomo ya vyungu alikabidhiwa mwishoni kabisa. Pale uani hapakuwa na gurudumu la kuzungusha chungu. Chungu kinakaa chini palepale, na anayezunguka ni mfinyanzi. Anainama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, anatembea kinyumenyume kukizunguka chungu huku mkono mmoja uko ndani na mwingine uko nje na kipande cha kibuyu, na ukuta unapanda polepole katikati ya mikono hiyo. Niliwahi kujaribu kumhesabia Somoe mizunguko nikapata kizunguzungu mimi niliyekaa. Mama Shaibu kiuno chake kilikuwa kimeshakataa kazi hiyo. Alikaa kwenye kigoda akaongoza: "Legeza mkono wa nje. Umekifinya. Kisikilize." Kufikia mwaka ule karibu kila chungu kilichotoka pale kilikuwa kimezungukwa na Somoe.

Lakini hakuna aliyesema ni vya Somoe. Wanunuzi wa pale, hasa wale wa gulio la Newala, walikuwa na namna yao. Mtu ananyanyua chungu, anakigonga kwa kiungo cha kidole akisikiliza, kisha anauliza, "Mkono wa nani huu?" Na anayeuza hajitaji. Anamtaja aliyemfundisha. Somoe alijibu, "Wa Mama Shaibu," hata kwa chungu ambacho Mama Shaibu hakukigusa hata kwa kidole, na mnunuzi aliridhika, kwa sababu ndicho alichotaka kujua. Iliendelea hivyo mpaka siku ambayo mwalimu mwenyewe, mbele ya mnunuzi, angetaja jina la mwanafunzi. Hapo walisema ametolewa, kama wanavyosema kwa mwali. Wapo waliotolewa baada ya miaka mitatu. Wapo waliozeeka bila kutolewa. Haya yote niliyasikia, nikayaelewa, nikayaona mazuri kabisa. Halafu fomu ikaja, nikayasahau yote.

Fomu ililetwa na shirika moja lililokuwa likitafuta mfinyanzi kijana mmoja kutoka uwanda wote ule. Atakayechaguliwa angekaa mwaka mmoja chuoni Masasi, chakula na malazi juu yao, ajifunze kuchoma vyungu kwa tanuri, kisha aajiriwe kuzunguka vijijini akifundisha. Somoe alinifuata chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu pembeni ili asiguse vyungu. "Sisi tunachoma kwa nyasi," alisema. "Kila tukiwasha nafumba macho. Vingine vinapasuka unasikia, pa! Nataka kuona huo moto unaoshikika." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na nataka kwenda, Mwalimu. Kwenda tu." Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na mwenye Kiingereza pale nilikuwa mimi.

Visanduku sita vya kwanza vilijazwa kabla chai haijapoa. Cha saba kiliuliza talent aliyonayo mwombaji, na kikataka maelezo. Hapo ndipo ugonjwa wangu uliponishika. Nilifungua kamusi. Nililinganisha talent na maneno mengine matatu ya Kiingereza yanayokaa jirani nayo. Nilijiuliza kama talent ni kitu mtu anacho au kitu mtu anakifanya, na kama mtu anaweza kuwa nayo asijue. Kamusi ilisisitiza jambo moja: uwezo wa asili, usiotokana na mafunzo. Niliandika kwa penseli nikafuta mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Sentensi niliyoibakiza ilinifurahisha sana. Nikiigeuza kwa Kiswahili ilikuwa hivi: Somoe alizaliwa na talent ya ufinyanzi, mikono yake inaujua udongo bila kuelekezwa na mtu. Niliisoma peke yangu kwa sauti. Nakumbuka hata wivu kidogo, kwani mimi sikuwahi kuandikiwa na mtu sentensi kama ile, na nilishaanza kushuku kwamba hapakuwa na cha kuandika.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa shirika alikuja kuwaona waombaji. Alikuwa mtu wa heshima, alivua viatu, akakubali ming'oko, akasifia vyungu. Kisha akatoa fomu, na kwa nia njema kabisa akaisoma kwa Kiswahili ili wote tusikie. Alipofika kisanduku cha saba niliinamisha kichwa nikisubiri kusifiwa.

"Bila kuelekezwa," Mama Shaibu alirudia.

"Ndiyo, Mama. Mwalimu hapa ameeleza vizuri."

"Miaka mitano pale kwenye kigoda nilikuwa naelekeza nani? Mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Aliinuka, na kwa sababu ya kiuno chake kuinuka kulichukua muda mrefu, na sote tulilazimika kumtazama. Akaingia ndani. Yule dada alimgeukia Somoe, akamuuliza kama yaliyoandikwa ni kweli, kama kazi hii ni ya mkono wake. Somoe alikuwa ametazama chini. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Neno moja tu, na Masasi ilikuwa yake.

"Huu mkono si wangu," alisema.

"Ni wa nani?"

"Wa Mama Shaibu."

Yule dada alikuna shavu kwa kalamu. Alisema anasikitika, ila nafasi ni moja, waombaji ni wengi, na hawezi kupeleka fomu ambayo mwenyewe anaikana. Jumatatu ya gulio angekuwa Newala mjini kukusanya za wengine. Akaturudishia fomu: tukielewana, tumpelekee. Tusipoelewana, basi.

Zilibaki siku sita. Tatu za kwanza sahani yangu ililetwa chumbani imefunikwa, kama ya mgonjwa. Sikuwahi kupewa adhabu kali kuliko ile. Nilikula peke yangu katikati ya vyungu nikisikia vijiko vyao uani, na ukutani hakuna aliyeniteta. Siku ya nne nilishindwa. Nilimkuta Mama Shaibu kwenye kigoda chake akichagua vijiwe kwenye udongo mkavu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Kwa lile neno."

"Nielezee hilo neno. Si ndiyo kazi yako?"

Nikamweleza. Nilisema ni uwezo ambao mtu anakuwa nao tu, wa kuzaliwa. Hakuinua macho. "Nani alimwona akizaliwa nao? Mimi nilikuwepo siku anazaliwa. Alitoka na mikono imefumbwa kama watoto wote." Nikasema kwa Kiswahili tunaita kipaji, yaani mtu amepewa. Akauliza amepewa na nani. Nikasema na Mungu. "Mungu ametoa vidole kumi kumi kwa kila mtu," alisema. "Kuponda udongo katuachia wenyewe. Hao Waingereza hawafundishani?"

"Wanafundishana, Mama."

"Sasa mbona neno lao halina mwalimu ndani?"

Jibu lake nimelitafuta miaka saba. Nimefikiria wakati mwingine kwamba neno halina kosa, ila tunalitumia kwa haraka, kama mtu anayesifia chakula bila kuuliza nani amepika. Nimefikiria vyeti vyangu vyote, ambavyo vina jina langu kwa herufi kubwa na hakuna hata kimoja kinachotaja mwanamke aliyenishika mkono darasa la kwanza akaniongoza kuandika herufi a. Jina lake silikumbuki. Siku ile, hata hivyo, niliona aibu tu, nikaanza kusema kwamba nitafuta, nitaandika amefundishwa, hana kipaji chochote. Mama Shaibu akanikata.

"Usiruke upande wa pili. Niliwachukua wawili siku moja, Somoe na Asha. Udongo ule ule, maneno yale yale, makofi yale yale. Mtungi wa Asha ukiununua nunua na ndoo ya kuweka chini." Alitupa kijiwe. "Kwa hiyo kuna kitu. Sijakataa kwamba kuna kitu. Nimekataa kwamba mimi sikuwepo."

Nikamuuliza, kwa kuwa sijui kunyamaza, kwa nini basi asimtoe. Kama kitu kipo, na yeye alikuwepo, amtaje tu gulioni, nami nitaandika yote mawili, na Somoe ataenda. Alichagua vijiwe muda mrefu. Nilidhani amekasirika tena. "Nikimtaja, anaondoka," alisema hatimaye. "Akiondoka, hapa nani atazunguka chungu? Tutabaki mimi na kigoda." Nami wakati wote ule nilidhani tunabishania neno. Siku hiyo jioni sahani yangu haikuja chumbani. Nikatoka, nikakuta nafasi yangu kwenye mkeka, na mbaazi zimebaki kidogo sana kwa sababu nilichelewa.

Jumatatu alfajiri Mama Shaibu akavaa kanga mpya. Alikuwa na zaidi ya mwaka hajafika gulioni. Tulimpandisha kwenye bodaboda akilaani kila shimo, na Somoe nami tukafuata kwenye lori la vyungu, fomu ikiwa kifuani mwangu ndani ya mfuko wa nailoni. Hakutuambia chochote. Alikaa nyuma ya vyungu vyetu akasalimiana na kila mtu aliyepita, akauliza habari za wagonjwa na za waliozaa, na saa tatu ikapita, na saa nne, na kila chungu kilichoulizwa Somoe alijibu kama siku zote, na Mama Shaibu alikaa kimya. Nilikuwa natazama upande wa ofisi moja ambako yule dada alikuwa akisubiri. Nilishaanza kupanga maneno ya kumfariji Somoe, na kuyapanga upya.

Ndipo akaja mama lishe mmoja mnene, wa kucheka kwa sauti, akanyanyua chungu kikubwa kuliko vyote. Akakigonga. Akakigonga tena. "Hiki kinaimba. Mkono wa nani huu?"

"Wa Mama..." Somoe alianza.

"Wa Somoe," Mama Shaibu alisema.

Muuzaji mmoja wa pembeni akapiga kigelegele, na kikapokelewa mpaka kwenye meza za dagaa. Somoe alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake kwa mikono yote miwili. Yule mama lishe alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Ahaa, ametolewa leo? Hongera, mwanangu, hongera sana." Akakirudisha chungu chini. "Ila mimi mkono wa Somoe bado siujui. Nipunguzie."

Somoe alimtazama Mama Shaibu. Mama Shaibu alikuwa anatazama mbuzi barabarani. "Usiniangalie mimi," alisema. "Chungu si changu."

"Sipunguzi," Somoe alisema.

Mama lishe akacheka, akaenda zake, na hakurudi. Chungu kile tulikirudisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa pembeni, fomu juu ya goti, naandika kwa kalamu ya wino ili nisiweze kufuta. Kwenye kisanduku cha saba niliandika kwamba Somoe amefundishwa na Mama Shaibu miaka mitano. Kwamba walifundishwa wawili pamoja, na vyungu vya huyu havivuji. Kwamba leo mwalimu wake ametamka mbele ya watu kuwa mkono ni wake. Yule dada aliisoma mara mbili. "Hapa hujaeleza talent," aliniambia. Nikamjibu kwamba talent ninayoijua ni hiyo. Alifikiri kidogo, akaiweka pamoja na zingine, na kwa wiki tatu nilijilaumu kwa jibu lile, kwamba ningeweka hata kivumishi kimoja. Simu ilipokuja nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha. Nilikimbia mpaka nyumbani na kalamu nyekundu mkononi, na Somoe aliponiona nakuja vile alidhani kuna msiba.

Aliondoka siku ya Jumapili. Alibeba begi langu la chuo, kwa kuwa hakuwa na begi, na Mama Shaibu alimsindikiza mpaka mlangoni tu, akasema ana kazi. Kazi hakuwa nayo. Niliporudi kutoka stendi nilimkuta kwenye kigoda, mikono mapajani. Tulikula wawili tu, na kwa mara ya kwanza mboga ilibaki.

Jumatatu asubuhi niliamka kwa ukimya. Hakukuwa na mtu wa kunisema ukutani. Nilitoka nikamkuta Mama Shaibu amesimama, ameinama juu ya kitako cha chungu kilichobaki, mkono mmoja umeshika kiuno, anazunguka kinyumenyume hatua ndogondogo kama anayepita juu ya mayai.

"Mwalimu."

"Naam, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Udongo uliopondwa umekwisha."

Kando ya kisima palikuwa na rundo la udongo mkavu, na mchi umelazwa juu yake. Nilisema nina kipindi saa mbili. Akasema saa hizi ni kumi na mbili na nusu. Nikauliza upondwe laini kiasi gani, na maji yanawekwa kabla au baada, na kama kuna udongo mwingine wa kujaribia kwanza ili huu mzuri usipotee. Yeye akaendelea kuzunguka. Nikashika mchi, nikauachia, nikaushika tena.

"Sijawahi, Mama," nikasema. "Nitauharibu."

"Utauharibu," alisema, bila kuinua kichwa. "Ponda."